Mabawa ya Mwavuli

Mvua ya Kamembe haina adabu. Inakukuta njiani hujajiandaa, inakupiga, inaondoka, na nusu saa baadaye inarudi kana kwamba imesahau kitu. Kwa sababu hiyo Protais Munyemana hakukosa kazi hata katika miaka ile ambayo wengine wote waliikosa. Alikuwa fundi wa miavuli. Alikaa barazani kwa Waislamu wauza vitambaa, karibu na soko, akiwa na koleo, uzi wa nailoni na rundo la mifupa ya miavuli iliyokufa. Ukimletea mwavuli uliogeuzwa na upepo, aliutazama kwa huruma kwanza, halafu akakutazama wewe kwa lawama.

Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda wa mwaka hamsini na tisa, na ufundi wake alijifunzia huko huko. Mwaka tisini na tano alirudi Rwanda na mkewe Emerance na binti yao Benitha. Watu husema alirudi, ingawa sijui mtu anarudije mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, utani wake wa Bukavu, na rafiki yake wa kufa na kuzikana alibaki Bukavu. Huyo ni Bisimwa, Mushi wa Walungu, yaani wa kabila la Bashi wenyeji wa huko, fundi wa saa na redio, mtu wa vidole vyembamba na mdomo usiopumzika.

Hadithi ya ndege ilianzia kwa Bisimwa. Kulikuwa na frère mmoja, mtawa Mbelgiji, mwalimu wa hesabu, aliyependa ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio. Bisimwa ndiye aliyekuwa akimtengenezea mitambo yake, na kwa urafiki frère akamfundisha na kurusha, kila Alhamisi baada ya masomo, kwenye uwanja wa mpira. Mwaka tisini na tatu frère alifunga mizigo, akamwachia sanduku ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulifungua. Ndani mlikuwa na vijiti na vibao vya balsa, mbao nyepesi hivi kwamba ukizishika unadhani umeshika mkate mkavu, na ramani ya Spitfire, ndege ya vita ya zamani, ya rubani mmoja, mabawa yake yamechongoka kama jani la kahawa.

Bisimwa na Protais waliiunganisha miaka mitatu, Jumapili baada ya misa, hata baada ya Protais kuhamia Kamembe, akivuka mto kila wiki. Bisimwa alishughulikia injini na redio. Protais alipewa mabawa, maana nani mwingine anajua namna ya kuvisha ngozi kwenye mbavu nyembamba bila kuzivunja? Waligombana sana, kuhusu gundi hasa. Ilikuwa karibu kumalizika mwezi wa tisa mwaka tisini na sita, mji wa Bukavu ulipoanza kuwatazama Wanyarwanda kwa jicho baya. Jumapili moja Bisimwa alimvuta rafiki yake ndani ya duka, akafunga mlango.

"Protais, beba hii ndege upeleke kwako. Huku bantu bataivunja. Na weye usirudie tena mupaka hii mambo ipoe."

Protais aliivusha darajani katika magunia mawili, kiwiliwili katika moja na bawa katika jingine. Askari alipouliza ni nini, alijibu kwamba ni mchezo wa watoto, na akapita. Mwezi uliofuata vita vikafika. Bisimwa alikimbia na wengine kuelekea Shabunda, akapotelea misituni, na baadaye ikasikika kwamba yuko Kindu. Vita vya kwanza vikaisha, vya pili vikaanza. Marafiki hao hawakuonana kwa miaka saba.

Katika miaka hiyo Kamembe iliuza Bukavu. Sitafuti maneno laini. Zilivushwa friji, milango, vitanda, hata mabomba ya maji yakiwa bado na udongo wa ukutani, na vyote viliuzwa mchana kweupe. Siku moja Protais aliona chini, juu ya turubai, saa ya ukutani ya duka la Bisimwa. Aliujua ule ufa kwenye kioo. Alisimama, akauliza bei, akajibiwa. Hakuinunua, kwa kuwa aliona kuinunua ni kula sahani moja na wezi. Usiku hakulala, akijilaumu kwamba hakuinunua. Kuanzia hapo jambo moja lilimkaa rohoni kama mwiba. Bisimwa huko aliko, akiwakumbuka Wanyarwanda waliobeba vitu vyake, je, alimhesabu na Protais humo?

Jibu lake lilikuwa ndege tu. Siku Bisimwa atakapoiona nzima, atajua.

Basi mwezi wa saba mwaka elfu mbili na tatu, wakati wa kiangazi, shangazi yake Mukabera alimjia kibarazani akihema. Mukabera alikaa Mururu tangu alipokimbia Bukavu, alilima maharagwe na kuyavusha Bukavu kuyauza, na hapakuwa na habari ya pande zote mbili iliyompita. Alifungua fundo la kitenge, akatoa kikaratasi alichopewa na muuza samaki mmoja. Kilikuwa na maneno machache: "Niko Bukavu. Niko muzima. Nitakuya samedi. Ndege iko?"

"Tantine, asanti," Protais alisema.

"Asanti ya bure sitaki," alisema Mukabera. "Mwavuli yangu inavuja tangu Pasaka."

Ilikuwa Jumatatu, na Bisimwa angefika Jumamosi. Protais alifunga kazi mapema, akaenda nyumbani mbio. Kiwiliwili cha ndege kilikuwa chini ya kitanda, kimefungwa blanketi, salama salimini. Bawa lilikuwa jikoni, kwenye dari ya mianzi juu ya mafiga. Hapo ndipo alipokuwa akiweka mishikio ya mbao ya miavuli, miezi mitatu ndani ya moshi, ikatoka ngumu na nyeusi na hakuna mdudu anayeithubutu. Kila mtu huku huweka juu ya moshi kitu asichotaka kiliwe na bungo na wadudu wengine: mahindi ya mbegu, vikapu, mipini ya majembe. Protais alikuwa ameliweka bawa hapo kwa mapenzi, likiwa katika gunia lake, na kwa miaka saba alilipapasa mara kwa mara kutoka nje, akaridhika.

Sasa alilifungua. Ile nailoni nyembamba waliyolivisha ilikuwa imekunjamana kwa joto, na ilipojikunja ilivuta mbavu pamoja nayo. Upande wa kushoto ulikuwa umejipinda kama mtu anayegeuka kuangalia nyuma. Boriti ya ndani ilikuwa na ufa. Lote lilikuwa rangi ya chai.

Emerance alikuja, akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Aliangalia kwa muda.

"Papa Benitha," alisema, "hii imekuwa sawa samaki ya kukausha."

Protais aliketi juu ya kuni, akaficha uso. Mtu mzima alilia, siwezi kumficha. Vita viwili havikuigusa ile ndege, wezi hawakuigusa, na yeye mlinzi wake ndiye aliyeipika.

Emerance alimwacha alie kidogo. Kisha akamwambia kwamba leo ni Jumatatu na Jumamosi si kesho, na kama anaweza kufufua miavuli ya nusu ya mkoa, hiki nacho ni nini? Akampisha jiko.

Kazi aliyoifanya siku nne zile sidhani aliwahi kuifanya kwa mwavuli wowote. Alichuna nailoni yote kwa wembe. Alichemsha maji katika sufuria ya maharagwe, akalishika bawa juu ya mvuke, akalipinda taratibu upande wa pili, kisha akalilaza juu ya mlango waliouondoa kwenye bawaba na kulibana kwa mawe hadi asubuhi. Lilinyooka, lakini ukilishika ulihisi limechoka. Hapo ndipo alipoanza kuliimarisha. Alichana mwanzi vijiti vyembamba kuliko njiti za kushonea vikapu, akavipitisha kwa mshazari kati ya mbavu, kimoja kwenda, kimoja kurudi, ili bawa lisiweze tena kujipinda hata likitaka. Ufa wa boriti aliuwekea banzi la mwanzi kila upande, kama mganga anavyofunga mguu. Katikati, mahali nusu mbili za bawa zinapokutana, ambapo ndege nyingi huvunjika, alizungusha bandeji ya dispensari iliyoloweshwa gundi, mara tatu. Na pale magurudumu yanaposhikiliwa alilaza kibao cha mkalitusi, akakikaza kwa waya wa mifupa ya miavuli.

Kila alichoongeza alikipima kwanza kiganjani. Mwavuli mzito haununuliwi, alijua hilo, na alijua pia kwamba ndege nzito inabaki chini.

Ikabaki ngozi. Kitambaa cheusi alichokuwa nacho kilikuwa cha miavuli mizito ya wanaume. Chepesi kilikuwa kimoja tu, hariri ya uongo ya mwavuli wa bibi, mpya, nyeupe yenye maua makubwa ya njano. Alikigeuza geuza, akapiga moyo konde, akakikata. Alhamisi jioni ndege ya vita ilikuwa na mabawa ya maua, hariri imevutwa kwa gundi hadi ukiigonga inalia kama ngoma.

"Utamuambia nini?" Emerance aliuliza.

"Nitamuambia panya balikula nailoni."

Jumamosi saa mbili Bisimwa alifika. Alikuwa amekonda, mvi zimemjaa, na amebeba mfuko wenye chupa tatu. Walikumbatiana mlangoni kwa muda mrefu, kila mmoja akisema jina la mwenzake tu. Lakini walipoketi, mdomo ule usiopumzika ulipumzika. Bisimwa alijibu maswali kwa neno moja moja. Emerance aliweka chai. Protais, kama ilivyo desturi pande hizi tangu watu waanze kuogopana sumu, alimimina yake kutoka birika lile lile na kunywa kwanza mbele ya mgeni. Bisimwa alishukuru. Kikombe chake hakukigusa.

Kile kikombe kilimuuma Protais kuliko tusi. Basi ananihesabu pamoja nao, aliwaza. Akainuka, akaleta ndege.

Bisimwa aliishika kwa mikono miwili. Aliangalia pua, akazungusha pangaboi, akafungua kifuniko na kugusa nyaya zake mwenyewe za miaka saba. Alipofika kwenye maua ya njano nyusi zikapanda.

"Panya," Protais aliwahi. "Panya balikula nailoni, njo nikabadirisha."

Bisimwa aliinua bawa karibu na pua yake, akanusa. Uso wake ulibadilika, damu ikamwondoka.

"Inanuka moshi," alisema polepole.

Uongo wa panya ulimkauka Protais mdomoni. Alisema yote kwa mkupuo, akiwa amesimama kama mtoto mbele ya mwalimu. Kwamba ni yeye. Kwamba aliiweka juu ya mafiga ili bungo wasiile, sawa na mishikio yake. Kwamba hakuiuza, hakuikodisha, wala hakuna kitu cha Bisimwa hata kimoja kilichowahi kuingia nyumba hii isipokuwa hiki. Kwamba aliiona saa yake sokoni na hakuinunua, na mpaka leo hajui kama alifanya vizuri.

"Niliikausha tu, Bisimwa. Nilifikiri ninaichunga."

Bisimwa alimtazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Protais alidhani analia, kumbe ni kicheko, kicheko kile kile cha duka la Bukavu.

"Protais! Balsa haiogopake mududu. Inaogopaka moto na mafundi ba miavuli!"

Emerance naye alicheka jikoni, na Protais akashusha pumzi ambayo naona alikuwa ameishika tangu mwaka tisini na sita. Bisimwa alikagua mwanzi ule wa mshazari kwa kuushikilia kwenye mwanga, akajaribu kulipinda bawa, likakataa. Akabonyeza kibao cha magurudumu. Akasema kwamba frère mwenyewe asingefikiria hivyo, na kwamba sasa kuna kazi moja tu iliyobaki.

Kuirusha Kamembe hakukuwezekana, kwa sababu ya uwanja wa ndege na askari wake. Walipanda lori la mchele linaloteremka Bugarama, wakashukia Rwimbogo, ambako ardhi ni tambarare na Protais alimjua kiongozi wa pale, mteja wake. Kiongozi alitazama ndege ya vita yenye maua ya njano, akacheka mpaka akashika mti, akawapa uwanja wa kuanikia mpunga hadi saa tisa.

Bisimwa alichanganya mafuta kutoka kwenye chupa zake: mafuta ya taa, mafuta ya mbarika, na etha ya famasi iliyowalevya kidogo wote wawili. Aliweka mawe mapya, betri za redio. Aliinua ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa. Mkia ulizama kidogo, akafunga puani vipande viwili vya risasi, vile vya kuzamishia ndoana, mpaka ikalala sawa. Injini iliwaka mara ya kumi na moja.

Mlio huo! Wanawake waliokuwa wakigeuza mpunga walijitupa chini wote kwa pamoja, mikono kichwani, kama tulivyojifunza sote miaka ile. Ndege ilikimbia juu ya udongo mkavu, ikaruka mara moja, mara mbili, ikainuka. Ilipogeuka juu ya mashamba na jua likapiga mabawa, mwanamke mmoja aliinua kichwa. Aliona maua. Alipiga kelele kwa wenzake kwamba ni mwavuli, jamani, ni mwavuli unaruka, na wote wakainuka wakipangusa nguo, wakicheka kwa nguvu, wakipigiana makofi.

Protais hakucheka. Macho yalimtoka, akihesabu mbavu moja moja kule juu. Bawa halikujipinda. Bisimwa aliizungusha mara sita, ulimi nje, akisema peke yake kwa Mashi, lugha ya kwao. Kisha mafuta yakaisha kabla hajajiandaa. Ndege ilishuka kwa kasi mno, gurudumu likagonga tuta la mfereji, ikapinduka mara mbili katika vumbi.

Walikimbia. Pangaboi lilikuwa vipande na gurudumu moja limekwenda zake. Lakini Protais alipapasa katikati, kwenye bandeji, akapapasa kibao cha mkalitusi, akapitisha vidole juu ya maua yote, kushoto na kulia. Hapakuwa na ufa.

"Nzima!" alipaza sauti. "Bisimwa, bawa iko nzima!"

Bisimwa hakuitazama. Alikuwa ameketi juu ya tuta, kisanduku cha kuongozea mapajani.

"Nyumba ya baba yako," alisema. "Ni miye."

Nyumba ya mbao aliyoijenga marehemu baba yake Protais huko Bukavu ilichomwa mwezi wa kumi mwaka tisini na sita. Protais alikwenda mara moja baada ya vita, akakuta majivu na bati, na picha pekee ya baba yake imeungua humo. Hakuuliza nani. Alisema ni vita.

"Balinikuta njiani na mapanga," Bisimwa aliendelea, akitazama chini. "Banauliza nyumba ya Banyarwanda ni gani. Niliogopa, Protais. Nilijua yenu iko butupu tangu muende. Nikaonyesha ile, kule juu. Nikasema, bote beko kule. Bakapanda mbio. Miaka saba niko nanusa ile moshi. Asubuhi nilifikiri unajua. Njo sababu sikunywa ile chai, niliogopa sumu."

Protais alibaki amepiga magoti, mkono juu ya bawa. Alimwona baba yake katika ile picha, na koti la kuazima. Angeweza kukasirika. Alikuwa na haki yote. Lakini swali lilimtangulia mdomoni.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa ine hivi."

Protais aliijua hiyo saa. Kila Pasaka, shangazi Mukabera, ambaye nyumba yake ya Bukavu ilikuwa ya tatu tu kutoka duka la Bisimwa, husimulia ile asubuhi, saa nne, amejifungia na wajukuu wanne, akisikia kundi likija. Linafika mlangoni kwake, halisimami, linapanda mlima likikimbia. Naye anatoka na watoto, anateremka hadi darajani, na hakuna aliyemgusa. Anasema rozari yake iliwapofusha macho. Anasema hivyo kwa kila padri mpya, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Protais aliwahesabu wale wajukuu kwa vidole, jina kwa jina. Mdogo wao alikuwa anajifunza ushonaji sasa. Machozi yalimtoka, na safari hii hakuficha uso.

"Tantine Mukabera alipita hiyo saa," alisema. "Na batoto bane. Bale ba mapanga balikimbilia kwa baba yangu, njo ye akapata njia. Ye anasema ni rozari yake."

Bisimwa aliinua kichwa. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Protais alikwenda akaketi karibu naye juu ya tuta, bega kwa bega. Wanawake wa mpunga walikuwa wamerudi kazini na mmoja aliwaletea lile gurudumu.

"Sasa," alisema Bisimwa baadaye, akipangusa pua, "nani atamuambia ule maman kwamba haikuwa rozari?"

"Si miye," alisema Protais. "Jaribu weye. Nitakuangalia kutoka mbali."